Kaboni Ngumu

Mujukuu wangu Furaha,

Nakusalimia huko Kakoba katika jina la Bwana. Mama yako ni muzima. Mahindi yamekauka tena.

Uliuliza kwa nini mafundi hawaweki kaboni ngumu katika mota, zile zisizolika upesi zinaposugua shaba inayozunguka ili kuipa umeme. Nikiwa kijana kule Uvira niliziweka katika mashine ya kutobolea ya patroni wangu, nikajisifu mingi. Siku tulipoifungua, kaboni zilikuwa nzima. Shaba ambayo zinaisugua ndiyo iliyolika. Patroni akaniuliza: “Kaboni tutanunua sokoni. Shaba tutaitoa fasi gani?”

Hapa Nakivale, katika kambi ya wakimbizi, nilijifanya mugumu. Sikulia, sikuomba mutu. Bibi yako alilia na kuomba kwa ajili yetu sote.

Jana nilipalilia kaburi lake. Mimi ningali muzima.

Babu yako