Kivinjari, Profaili ya Watu Wote na Stepla

Alhamisi, msimu wa korosho. Joto la kukaanga, mawingu yametanda tangu asubuhi na hayajadondosha hata tone.

Nina hasira. Naitaja mwanzoni ili atakayesoma ajue anasoma nini. Mkono wa kulia umevimba, shavu la kushoto linapwita, na naandika kwa simu, kwa kidole gumba kimoja, kabla adhana ya magharibi haijalia. Majina ya watu nimeyabadilisha yote, langu likiwemo. Niiteni Zuhura, mwenye steshenari Ufukoni.

Yote yalianza na kivinjari.

Tangu Jumatatu kompyuta yangu kubwa ilikuwa na wazimu. Nikifungua kivinjari, kabla sijagusa kitu, zinafunguka kurasa kumi za kubeti, moja ya wanawake uchi, na moja inayolia king'ora ikidai mashine imeingiliwa na virusi. Ustadhi wa madrasa amekuja kuchapa barua, kasimama mbele ya kioo, akakutana na mapaja. Akageuza uso. "Astaghafirullah, dada Zuhura, na wewe?" Nilitamani ardhi inimeze.

Nikakifuta kivinjari, nikakiweka upya. Mara tatu. Mara zote tatu kikarudi na wazimu wake ule ule. Jumanne niliipiga kibodi ngumi hadi herufi ya G ikaruka. Jana niliitukana mashine matusi ambayo mama yangu hajui kama nayajua.

Jana hiyo hiyo ndipo nikaelewa. Ukifuta kivinjari unafuta programu tu. Mambo yako, yaani kurasa ulizohifadhi, nywila, na takataka zote zilizojipachika, yanakaa pembeni kwenye folda inayoitwa profaili, na folda hiyo haiguswi. Kivinjari kipya kinaivaa tena profaili chafu. Nikatengeneza profaili nyingine, tupu, kwa majaribio. Kikafunguka kimya, hakuna king'ora wala mapaja. Dawa ilikuwa moja tu, kuitupa profaili ya zamani.

Hapo ndipo penye mwiba.

Kwenye steshenari zetu hizi mteja haji kukaa kwenye kompyuta, anakuja umfanyie. Unamfungulia akaunti ya chuo, ya ajira, ya mkopo wa masomo, ya cheti cha kuzaliwa. Ukimwambia aiandike nywila yake mahali, anakujibu, "Hifadhi hapo hapo dada, mimi nitasahau." Nami nahifadhi. Miaka minne nimehifadhi kila mtu kwenye profaili moja, yangu. Nusu ya Ufukoni wamo humo, na watu wa vijijini hadi Msimbati, na nywila nyingi ni jina la mtoto wa kwanza. Ni ujinga, nakiri. Lakini ndivyo tunavyofanya sote, na ndiyo sababu mteja anarudi kwako.

Humo ndani alikuwemo Somoe.

Somoe ni binti wa Msimbati, miaka ishirini na minne, aliyemkimbia mumewe miezi mitatu iliyopita. Mume nitamwita Bakari, dereva wa bodaboda. Kabla ya kukimbia, Somoe alikuwa akija kwangu kwa kisingizio cha kutoa kopi, na tukajaza maombi ya chuo cha uuguzi. Nywila aliichapa mwenyewe, taratibu, mimi nikabonyeza hifadhi. Alipofika kwa shangazi yake, mbali na huku, alinipigia nibadilishe anwani kwenye fomu, niweke ya shangazi. Nikaweka. Amechaguliwa, na ilibidi athibitishe nafasi leo kabla ya saa kumi jioni, la sivyo anapewa mwingine. Nywila ameisahau. Na laini ya simu aliyojiandikishia ina jina la mumewe, na imebaki kwa mumewe.

Jana, profaili ya zamani ikifunikwa na kurasa za kubeti kabla sijafika kwenye orodha ya nywila, nikachoka. Nikahamia kwenye profaili mpya, nikaingia ukurasa wa chuo, nikabonyeza "umesahau nywila". Kidole kilitangulia akili. Msimbo wa kuweka nywila mpya ukatumwa kwa ujumbe mfupi kwenye laini ile. Kwa Bakari, pamoja na jina la chuo.

Bakari anajua ni nani alikuwa akimtolea mkewe kopi.

Mimi ndiye niliyemwita.

Leo asubuhi Somoe alinipigia kwa simu ya kuazima. Hakuuliza habari za nyumbani, na kwetu mtu asiyeuliza habari za nyumbani ana jambo. "Dada Zuhura, leo ndiyo leo. Nikiikosa hii narudi kwake, shangazi hana tena pa kuniweka." Nikamwambia asubiri, nitalimaliza. Habari ya msimbo sikumwambia. Niliona haya.

Ilinichukua hadi saa saba mchana kupata akili ya kuchomoa modemu. Bila mtandao, kurasa za kubeti zilifunguka tupu, nyeupe, hazina nguvu. Nikaingia kwenye mipangilio, na orodha ya nywila ikanyooka mbele yangu, watu wote wa miaka minne. Nilikuwa na daftari mapajani. Nilipanga kunakili wote, mmoja mmoja, halafu ndiyo niifute profaili. Dirisha lenye folda yake nilikuwa nimeshalifungua pembeni. Nikaanza na Somoe. Nikabonyeza alama ya jicho ili nywila ionekane.

Shamsa7.

Nikashindwa hata kuiandika. Shamsa ni mtoto wa Somoe. Alizaliwa wa miezi saba, hakulia, siku mbili baada ya Bakari kumpiga mama yake teke la tumbo kwa sababu mchuzi ulizidi chumvi. Walimpa jina, wakamzika huko huko Msimbati. Somoe alinisimulia siku moja akisubiri kopi zitoke, jicho kavu, kana kwamba anasimulia ya jirani.

Bado natazama jina hilo, kivuli kikaingia mlangoni.

Bakari hakusalimu. Alikuwa ameinua simu. "Mke wangu yuko humo kwenye mashine yako. Nimeletewa ujumbe. Fungua nione yuko wapi." Nikamwambia mtandao umekatika, arudi kesho. Akaruka kaunta. Nywila ya Somoe ilikuwa wazi kwenye kioo, na nyuma ya nywila hiyo kuna anwani ya shangazi.

Nikafunga kivinjari, nikaichagua folda ya profaili, nikaifuta moja kwa moja isipitie hata kwenye pipa la taka. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Vyeti, ajira, mikopo, majina ya watoto wa kwanza, vyote vikaenda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kofi likanishukia. Halafu mkono ukanikaba shingo, akanibamiza ukutani. "Umefuta nini? Umefuta nini, malaya we?"

Ningeweza kuandika kwamba nilijitetea. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaniachia. Alinipa mgongo, akainamia kioo kutafuta alichokifuata. Nikachukua stepla kubwa, ile ya chuma ya kubania vitabu vya ripoti, nikampiga nayo kisogoni. Akapiga magoti. Nikampiga tena, kwa nguvu zaidi, na vidole vyangu vikabanwa kwenye chuma.

Nilifurahi. Naliandika neno hilo nikiwa na akili zangu timamu.

Alisimama, damu inamtiririka hadi kwenye kola. Akaing'oa skrini, akaitupa, ikapita sikioni kwangu ikapasukia kwenye rafu ya karatasi. Akaushika mkono wa mashine ya kukatia karatasi, ule wenye kisu, akawa anauvuta utoke. Nikakimbilia nje.

Nilikuwa na maneno ya kuchagua. Ningeweza kulia kwamba napigwa. Lakini mwanamke akilia anapigwa, mtaa wetu unasubiri kwanza, huenda ni mumewe, ni mambo yao ya ndani. Nimesikia vilio hivyo mimi mwenyewe nikaendelea na kopi zangu. Nikachagua neno ambalo watu hawalisubiri.

"Mwizi!"

Wakatoka wote. Fundi Visenti, jirani yangu wa kuchomelea mageti, alifika wa kwanza na kipande cha nondo. Babu zake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na sijawahi kumsikia mtu huyu akipaza sauti hata siku moja. Wakaja vijana wa kijiweni, wakaja wabeba korosho, akaja mama wa chapati na mwiko. "Arobaini zako zimefika!" Walimkokota Bakari kwa miguu hadi barabarani. Nondo ilipotua kwenye goti nilisikia mlio, na hadi sasa nausikia. Mtu alimrukia kifuani. Mwingine alikuwa na tofali. Mama wa chapati alikuwa anapiga huku analia.

Bakari alinitafuta kwa macho, jicho moja limeshafumba. "Dada, waambie! Mimi si mwizi. Waambie, dada yangu!"

Nikanyamaza.

Sijui ni muda gani. Ni muda uliotosha kuona meno yake mawili mchangani. Nilikuwa namhesabia makosa yake, teke kwa teke, na kila nilipofika mwisho niliona bado. Halafu mtu akaleta tairi, na mwingine akaanza kuchomoa mpira wa petroli kwenye bodaboda ya Bakari mwenyewe. Hapo ndipo sauti ikanitoka. "Basi! Si mwizi! Muacheni!"

Hakuna aliyesikia, isipokuwa fundi Visenti. Akanitazama. Akaitupa nondo, akamlalia Bakari juu, mwili mzima, na mateke mawili yaliyokuwa njiani yakampata yeye mbavuni. Watu wakasita. Akiwa bado amelala pale juu ya damu, akasema kwa sauti yake ile ya siku zote, "Dada Zuhura, umetufanya nini?"

Polisi walifika, wakampakia Bakari, hajitambui.

Saa tisa na nusu nilirudi ndani. Nikakanyaga vioo, nikachomoa skrini ya kompyuta yangu ya pili, ile ndogo ya mezani, nikaichomeka kwenye kubwa, nikarudisha modemu. Profaili mpya ikafunguka, nyeupe, haimjui mtu. Nikaingia ukurasa wa chuo, nikaandika jina la mtoto na ile saba kwa vidole vilivyovimba, mara ya kwanza nikakosea, mara ya pili likakubali. Nafasi imethibitishwa. Nikachapa karatasi, ikatoka na alama ya kidole changu chekundu pembeni.

Nikampigia Somoe. Alilia, akacheka, akaniombea dua ndefu ambayo sikustahili hata neno lake moja. Kisha akauliza taratibu, "Dada, huyo mtu hajafika hapo?"

"Hajafika," nikasema.

Tangu hapo nimekaa. Habari kutoka hospitali zinasema anapumua lakini hajafumbua macho. Fundi Visenti amefunga karakana na hajanipungia mkono. Askari aliyechukua maelezo ya mwanzo ameshaandika "wizi" kwenye karatasi yake, amebakiza nafasi ya kujaza kilichoibwa, na ameniita kituoni kesho saa tatu asubuhi. Nikisema hakuiba, fundi Visenti na mama wa chapati watalala ndani kwa kumvunja mtu asiye na kosa hilo, na nitaulizwa alifuata nini kwangu, na jina la Somoe litasomwa mbele ya ndugu wote wa Bakari. Nikisema aliiba, akizinduka atazindukia kwenye pingu kwa neno langu. Najua kuliweka hili hadharani ni kujichongea. Nimechoka kulibeba peke yangu.

Alimpiga mkewe, alimuua mwanawe, alinikaba shingo. Kwa hayo yote hakuna aliyetoka nje.

Kesho saa tatu askari atashika kalamu, ataniuliza aliiba nini. Zuhura, utamjibu nini?