Kilio cha Mama Yako Si Wimbo

Mwaka umetimia, mwanetu, tangu kifua kilipokushinda ukatuachia gitaa lako limeegemea kabati, nyuzi mbili zimekatika.

Ulikuwa fundi wa feni. Joto lilipozidi, majirani walikujia wewe kwanza, na mjane wa nyumba ya pili hukumtoza kitu hata siku moja. Ulikula umesimama, ukigonga sahani kwa kijiko kutafuta mdundo, mpaka dada yako akakuuliza, "Kaka, hiyo sahani imekukosea nini?"

Jioni ulikuwa na bendi yenu, Vyombo Havijaoshwa. Baba yako hakulipenda jina hilo, na muziki wenyewe aliuita ajali ya masufuria. Lakini ulipomwekea albamu yenu ya kwanza kabla haijakamilika, aliisikiliza yote amevaa miwani, kana kwamba anasoma. Nyimbo hazikufanana, kama watoto wa mama mbalimbali: huu gitaa linanguruma, ule cherehani ya mama yako na filimbi, mwingine feni mbovu peke yake. Na kila sauti uliipigia hodi kabla ya kuinasa.

"Hodi, mama, naomba sauti."

"Karibu, ila usiniguse uzi."

Albamu imetoka mwezi uliopita. Mtangazaji wa redio akausifu wimbo wa saba, akasema una kilio kitamu sana. Mama yako akaacha kushona. Kilikuwa kilio chake mwenyewe, cha siku tuliyokuzika. Rafiki yako Kinyonga, mpiga ngoma, alikinasa kwa simu aliyoificha mfukoni, kisha akakiwekea ngoma chini yake. Baba yako alitema chai. Kinyaa kile hakijamtoka mpaka leo. Kilio kitamu, eti, kama mchuzi.

Wazazi wako wakaenda kwenye chumba cha mazoezi cha bendi.

"Shikamoo, mzee," Kinyonga akasema.

"Marahaba utaipata baadaye. Nani alikuruhusu?"

"Mzee, mwenzetu alikusanya kila sauti. Tumefuata nyayo zake."

"Yeye alibisha mlango. Wewe umechungulia dirishani."

"Tulitaka watu wajue alivyopendwa."

Mama yako akamtazama. "Mwanangu, mimi nilikuwa nalia. Sikuwa naimba."

Kinyonga aliuondoa wimbo kwenye albamu siku ileile, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Nakala zimeshasambaa mikononi mwa watu.

Basi nanyi mnaotusikia tukizungumza naye, isikilizeni albamu ya mtoto wetu, hata ikiwakera kama inavyomkera baba yake. Mkifika wimbo wa saba, ufuteni. Mle hamna wimbo. Mna mama aliyefiwa.

Unakumbukwa na baba yako, mtunza stoo mstaafu. Mama yako, mshonaji. Dada yako, muuguzi. Shangazi zako wote. Na majirani ambao feni zao bado zinazunguka.

Hatujakusahau, wala hatutakusahau.