Bertin Mugisho, Aliyeandika Kikosi cha Miezi Mitano

Mwaka umetimia, Papa Bertin, tangu uanguke kati ya meza za mboga, soko la Jumapili pale stesheni ya Gare du Midi, huku ugenini, mfuko wa sombe, majani ya muhogo, mkononi. Watu walikuruka wakapita. Walidhani umelewa, wewe ambaye hata bia ya harusi yako ulimpa shemeji.

Miaka tisa uliwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Ganshoren. Maji uliyapima kwanza kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga.

Mmoja wao, mzee Frans, alikuwa fundi wa ndege za kivita zilizoruka kutoka juu ya meli. Kikosi chake kiliishi miezi mitano. Marubani walikuwa kumi na wanne. Tisa walikufa, wengi wao si kwa risasi, bali kwa kuikosa meli wakati wa kutua. Kisha ikaja barua ya mistari miwili, kikosi kikavunjwa, na hakuna aliyewaandika.

Frans alisimulia ukimuogesha. Ukirudi nyumbani Schaerbeek uliandika mezani jikoni, ukazitafuta na familia za wale vijana kwa barua. Daftari saba. Maman Rolande, mkeo, alikununia: "Marubani wako banakulisha?" Bienfait, mwanao, alichana kurasa nne akawashia mkaa wa kuchomea brochettes, mishikaki yake. Uliziandika upya.

Frans alipofariki, binti yake Lutgarde alikuja kwako akazichukua daftari. "Ni za familia," alisema. Kitabu kikatoka na jina la Lutgarde juu. Siku ya kukizindua ulivaa suti ya ndoa. Akakuonyesha kwa wageni: "Huyu ndiye alikuwa anamsafisha papa." Wakakupigia makofi mafupi.

Ndani ya tramu maman alilia kwa hasira. "Juu ya nini haukusema?"

"Bon, niseme nini, Rolande? Majina ya bale bajeune ba ndege yote iko mule ndani. Hakuna hata mumoja alipotea."

La kwako halikuwemo.

Siku kumi na moja baadaye ulikufa. Lutgarde alituma kitabu msibani, amekitia sahihi: "Kwa familia ya Bernard."

Basi jina lako tunaliandika hapa, asome anayesoma: historia ile ni kazi ya Bertin Mugisho, mtu wa Walungu, kule kwetu karibu na Bukavu.

Ni sisi, mkeo Rolande, wanao Bienfait na Abigaël, dada yako Gracieuse aliye Bukavu. Msamaha tumechelewa kukuomba, Papa. Kukukumbuka hatutaacha.