Nyumba na Vilivyomo

Mjukuu wangu Salma,

Wakala wa bima amesema leo asubuhi kwamba fomu ya nyumba uliyomjengea mama yako hapa Masasi iko tayari. Imebaki sehemu moja: jengo peke yake, au pamoja na vilivyomo. Marahaba kwa shikamoo yako. Bibi yako goti linamsumbua, mikorosho imeanza kutoa maua, nami nimechoka tu.

Umeniuliza uchague lipi. Nilipokuwa mwandishi wa habari kijana, nilitumwa Newala kwa Mama Hawa, fundi cherehani aliyeunguliwa na nyumba. Bima alikuwa nayo. Ofisa wa bima alimweleza kuwa watalipia kuta na paa. Cherehani zake na vitambaa vya wateja havimo.

"Mlipokuja kuandika nilisema nyumba," Mama Hawa alimjibu.

"Ndiyo, mama. Nyumba ni jengo."

"Jengo! Kwenu mnashonea mabati, baba?"

Majirani walicheka. Mama Hawa mwenyewe hakucheka. Ofisa hakudanganya, wala Mama Hawa hakudanganya. Neno lilikuwa moja, kila mtu akalisikia kivyake. Nilipopita tena, paa lilikuwa jipya na ndani kimya.

Mimi friji ya mama yako nisingeiacha nje ya fomu. Barafu anayouza ndiyo inayomlisha. Lakini nyumba ni yako, amua wewe, unijulishe kufikia Jumapili. Wakala anarudi Jumatatu saa nne asubuhi. Kabla ya mama yako kutia sahihi, nitamwomba wakala aisome fomu yote kwa sauti.

Babu yako