Wimbo wa Hodan

Jumanne

Swali la Hodan limekataa kunitoka.

Leo nilionyesha Form Three filamu ya zamani ya Marekani, ya nyimbo na densi, ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nikawaeleza jinsi waimbaji weusi walivyopewa wimbo wao kando, nje ya hadithi, ili kumbi za sinema za wabaguzi ziukate bila mtu kugundua. Nilieleza kwa hasira kabisa.

Hodan, Msomali pekee katika kikundi changu cha drama, akainua mkono. "Kama wimbo wangu kwenye mchezo wetu, mwalimu?"

Nikacheka. Nikamwambia wake uko kando kwa sababu ya muda tu; tukichelewa jukwaani, tunauruka.

Muda!

Mchezo niliuandika mimi. Nimeusoma tena sasa hivi. Ukitoa wimbo wa Hodan, hakuna sentensi hata moja inayobadilika.