Siku Tuliyoacha Stendi Tupu

Mzee Semkiwa,

Shikamoo. Usiitikie, pumzika. Nakujua, ungeitikia kisha uniulize gari lipi lina zamu.

Ni mimi Bakari wako. Dereva niliyefika Lusaka na Lubumbashi, darasa la tano nikalikimbia kabla halijanifukuza, mwenye Kosta inayong'aa kuliko zote kati ya Korogwe na Handeni. Leo kalamu inanishinda.

Chama chetu cha wasafirishaji kipo. Nauli ni ile ile uliyotukalisha chini tukubaliane, hakuna anayeishusha ili amnyang'anye mwenzake abiria. Tiketi ya Misima bado inamfikisha mtu Vugiri kwa magari mawili bila kulipa tena. Zamu naandika mimi ubaoni, kwa mwandiko huu wa kuku. Watu wanasema unasomeka. Waongo.

Lakini kuna jambo, mzee.

Siku tuliyokuzika niliufuta ubao. Nikatangaza, "Leo hakuna safari! Katibu wetu hazikwi na gari moja!" Tukakusindikiza Misima magari yote ya chama, mimi mbele, taa tumewasha mchana kweupe. Nilijisifu, nakiri. Nilisema hata waziri hazikwi hivi.

Kumbe dada yako, Bi Mwanaidi, yuko stendi ya Korogwe. Alishuka kutoka Vugiri na lori la majani ya chai, maana gari letu la huko halikupanda, na goti lake lile bovu, akijua hapo stendi hakosi gari la kwetu. Miaka yote ya ukatibu wako hakuna aliyelikosa. Akakalia kifurushi chake, akangoja. Alifika makaburini kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi, sisi tunakung'uta udongo mikononi.

Hakunitukana. Bora angenitukana. Alisema tu, "Magari yote haya, mwanangu, na mimi hamkuniachia hata moja?" Kisha akakaa chini, akaweka kiganja juu ya udongo wako.

Nikaenda kuzima taa za Kosta yangu, mzee.

Ulizoea kuniambia, "Bakari, gari la zamu ni la yule ambaye bado hajafika stendi." Nilikuwa nikicheka, nikikuuliza huyo asiyefika anaonekanaje. Sasa namwona kila asubuhi.

Nimemwomba radhi. Anasema yamekwisha. Hayajakwisha.

Mkutanoni nikasimama, mara ya kwanza bila utani: chama kifiwe na yeyote, kila njia ibaki na gari moja, na dereva wake ahesabiwe kuwa amezika. Wakapitisha. Juzi mwenzetu kafiwa na mama yake, wengine wakaenda, na kwa njia ya Handeni nikabaki mimi, hapo Korogwe, na abiria wanne. Nililia kwenye usukani hadi mmoja wao akanipa kanga yake nijifute.

Mungu akulaze pema, mzee wangu. Nami nakuahidi: hata nikifa mimi, pamoja na sifa zangu zote, magari yatembee. Atakayekosa kunizika kwa sababu yuko zamu, nimeshamsamehe.

Wewe tu, mzee, unisamehe mimi.

Bakari