Tepu Haidanganyi

Section 58, Nakuru
21 Oktoba 2007

Kwa dada yangu mpendwa Wamuyu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Natumai mguu umeacha kukusumbua na baridi ya Nyahururu haijakumaliza. Sisi huku ni wazima, isipokuwa masikio yangu, yanayoteswa kila siku na nyimbo za kampeni. Zinapikwa asubuhi kwenye kompyuta, mchana zinapigwa juu ya magari, na jioni hakuna anayezikumbuka. Ndivyo zinavyostahili.

Mpishi mkuu ni Gurpreet, mwana wa yule Mzee Jasbir aliyenifunza kazi ya kurekodi. Mzee alisafisha kichwa cha mashine, pale utepe unapopita, kwa pamba na spiriti kabla ya kila wimbo. Mwanawe anabonyeza kipanya tu. Mwimbaji akikosea hamrudishi mwanzo; anakata kosa na kubandika kipande kingine, kama fundi wa viraka. Nilimwambia sauti yake ni maji ya moto yanayojiita chai, safi kabisa na hayana kitu. Alicheka, akasema tepu zangu zinavuma kama stovu. Kijana hana adabu.

Hata aliwahi kuniomba ile tepu ya Baba, ya mwaka 1969 akiongoza kwaya kule Lanet, sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Alitaka kuiweka kwenye kompyuta bure kabla haijaharibika, nawe ukaniandikia nikubali. Nilimjibu kwamba Baba tulishamzika mara moja, sitamzika tena ndani ya kisanduku cha kompyuta.

Basi mwezi uliopita kwaya ya Lanet ilitaka kurekodi nyimbo. Mwalimu wao, Cheptanui, mama asiyependa mabishano, aliamua mimi na Gurpreet turekodi wimbo uleule siku moja, kisha wasikilize bila kujua upi ni wa nani. Nilikubali kwa dharau. Tepu haidanganyi, niliwaambia.

Wanakwaya waligeuka wakatazama ukuta, nami nikageuka nao. Wa kwanza ulikuwa na uhai, hata pumzi za kina mama zilisikika. Wa pili ulivuma na kukwaruza. Kabla hajaulizwa mtu, nikasema, "Ya kwanza. Hiyo ndiyo tepu, hata kiziwi angejua."

Cheptanui akaniambia, "Pole, mzee. Ya kwanza ni ya Gurpreet."

Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Tangu siku hiyo nimewaambia watu wote kwamba nilichezewa, na si kweli.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mstari wa kwanza. Tepu mpya hazipatikani tena Nakuru, na zangu zimechakaa, kwa hiyo desturi yetu ni kurekodi juu ya kazi ya zamani. Siku ile nilitaka tepu nzuri kuliko zote, na nzuri ilikuwa moja. Niliamini Baba yuko upande wa pili wa tepu hiyo. Sikusikiliza kwanza, kwa sababu mimi eti huzijua tepu zangu. Dada, nilimfuta Baba, ili nimkomoe kijana. Tangu hapo najidharau kuliko nilivyowahi kuidharau kompyuta yoyote.

Uliomba sauti ya Baba kwa kumbukumbu yake ya Desemba. Kilichobaki ni sekunde kumi na moja za mwanzo, kabla kwaya haijamfunika. Nilizipeleka kwa Gurpreet mwenyewe, nimeinamisha kichwa. Hakunisimanga. Alisafisha kichwa cha mashine kwa pamba, kama babake, akazihamisha, na CD yenyewe ni hii iliyo ndani ya bahasha. Utamsikia Baba akikohoa, halafu akinigombeza, mimi mtoto wa miaka kumi niliyesimama karibu na Mzee Jasbir: "Ephantus, usiguse hiyo mashine."

Nisalimie shemeji na wote wanaoniuliza. Desemba ukiniona nimekaa kiti cha nyuma kabisa, usiniite mbele.

Ni mimi mdogo wako,
Ephantus Thuo